Kabla Hujagusa Kitufe cha Saraundi

Kwa karibu miaka miwili nilitazama taarifa ya habari sebuleni kwangu, Tabata, risiva ikiwa kwenye modi ya sauti inayoiga uwanja wa michezo. Chumba chenyewe kina mita 4 kwa 5, sakafu ni ya marumaru, kuta ni za matofali ya saruji na dari ni ya jipsamu, yaani ni chumba ambacho ukikipigia kofi moja kinakurudishia mawili. Siku moja mama watoto aliniuliza, kwa upole wake, kwa nini msomaji wa habari anazungumza kama aliyetumbukia kwenye simtanki. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo saraundi, yaani sauti inayomzunguka msikilizaji. Nilikosea, na ninaandika haya kwa sababu kosa hilohilo nimelikuta katika sebule nyingi za jijini humu, kuanzia Segerea hadi Mbezi.

Neno risiva huwaletea wengi wetu picha ya king'amuzi cha dishi. Ninayoizungumzia hapa ni ile mashine nzito ambayo hupokea sauti na picha kutoka kwenye king'amuzi, deki au TV, huichambua sauti katika chaneli zake, kisha huikuza na kuigawa kwa spika zilizounganishwa nyuma yake. Haifanani na sabufa za kawaida za dukani, ambazo amplifaya na spika huja pamoja kama ndugu waliolelewa nyumba moja. Risiva haijui umeiunganishia spika za aina gani, zimekaa umbali gani, wala ni ngapi, mpaka uiambie. Alama ya 5.1 unayoiona kwenye kasha ina maana ya chaneli 5 kamili, ambazo ni kushoto, kati, kulia na mbili za pembeni ya wasikilizaji, pamoja na chaneli 1 ya besi tupu ambayo huishia takriban hezi 120 (mitetemo 120 kwa sekunde), na ndiyo maana haikupewa heshima ya kuhesabiwa kama chaneli nzima.

Yangu niliinunua ya mtumba, Kariakoo, bila kitabu cha maelezo na bila ile maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Anayefikiria kununua ya namna hiyo aigeuze mashine asome mgongoni kabla hajauliza bei, kwa kuwa iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100 na ya Marekani hutumia volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka hivyohivyo utakuwa umenunua moshi. Kuhusu maikrofoni, usihangaike kuokoteza yoyote inayoingia kwenye tundu, maana programu za upimaji kama Audyssey inayopatikana katika risiva za Denon, au YPAO ya Yamaha, hufanya hesabu zake kwa kuzijua tabia za maikrofoni iliyokuja nayo. Ukiwa nayo, itumie feni ikiwa imezimwa, watoto wakiwa nje, na maikrofoni ikiwa kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi kwenye kochi. Ukiwa huna, futikamba na subira vinatosha.

Siku nilipoamua hatimaye kufungua menyu ya spika, nilikuta mambo mawili yaliyonifanya nicheke peke yangu. La kwanza, risiva iliamini kwamba nina spika 7, kwa hiyo katika baadhi ya modi ilikuwa ikipeleka sehemu ya sauti kwenye spika mbili za nyuma kabisa ambazo hazikuwapo. La pili ndilo lililokuwa kiini cha malalamiko ya nyumbani: spika ya kati, ambayo katika filamu hubeba karibu maneno yote yanayosemwa, ilikuwa imepunguzwa kwa desibeli 6, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kila desibeli 3 zinazopungua huondoa nusu ya nguvu, kwa hiyo spika inayozungumza ilikuwa ikipewa robo tu ya nguvu iliyostahili, nami nilikuwa nikijaribu kuiponya kwa mwangwi wa uwanja. Mwenye mashine hiyo kabla yangu, popote alipo, nadhani aliketi jirani sana na spika yake ya kati. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa risiva yoyote ya mtumba ni kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mipangilio ya mtu mwingine haifutiki kwa kuchomoa waya.

Baada ya hapo menyu itakuuliza kama kila spika ni "Large" au "Small", na hapa wanaume wengi huona haya kuiita spika yao ndogo. Swali hilo halihusu ukubwa wa boksi. Linauliza kama spika hiyo iachiwe besi nzito au besi hiyo ipelekwe kwenye sabufa, na kwa neno sabufa sasa namaanisha ile spika moja ya besi yenye umeme wake. Kama sabufa unayo, jibu karibu kila mara ni "Small", hata kwa spika ndefu za kusimama, na mpaka wa kugawana kazi uanzie hezi 80, ambacho ni kiwango kinachotumiwa na THX, mfumo wa viwango vya ubora wa sauti za sinema. Spika zako zikiwa ndogo kama za kuning'iniza ukutani, upandishe hadi 100 au 120. Ukishafanya hivyo, kitufe cha kukatia besi kilicho mgongoni mwa sabufa kizungushwe hadi mwisho wa juu, vinginevyo sauti itakatwa mara mbili, na risiva na sabufa zitakuwa kama makonda wawili wanaodai nauli ya abiria mmoja.

Umbali ni jambo ambalo watu huliruka, ilhali huchukua dakika 5. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde. Kwangu, spika za mbele ziko mita 3.2 kutoka kochini, na ya pembeni kushoto, kwa sababu ya mlango wa koridoni, iko mita 1.5 tu, tofauti hiyo ya mita 1.7 ina maana kwamba sauti ya pembeni ilikuwa ikitangulia kwa karibu milisekunde 5, na sikio huvutwa kuelekea kwa aliyetangulia. Ukiandika vipimo halisi kwenye menyu, risiva huichelewesha spika ya karibu ili sauti zote zikufikie pamoja. Pima kuanzia pale kichwa chako kinapokuwa, usipime kuanzia ukutani.

Kisha weka viwango vya sauti. Risiva ina mlio wa majaribio, ule unaofanana na mvua kwenye bati, ambao huzunguka kutoka spika moja hadi nyingine, nawe unatakiwa urekebishe kila spika mpaka mlio usikike kwa nguvu ileile ukiwa umeketi mahali pako. Programu ya simu ya kupima desibeli inafaa, na wengi hulenga 75. Tarakimu yenyewe huenda isiwe sahihi kwa simu, lakini kwa kulinganisha spika na spika inatosha kabisa, isipokuwa kwa sabufa, kwa kuwa maikrofoni nyingi za simu hazisikii vizuri besi za chini. Hapo tumia masikio, na ikiwa una shaka, punguza. Shemeji yangu alipokuja kutembea alilalamika kwamba spika zangu za pembeni zimelala. Nilimweleza kwamba kazi ya spika hizo ni kusubiri: mvua ikinyesha kwenye filamu utazisikia, na watu wawili wakizungumza mezani hazina sababu ya kudakia.

Kuhusu mahali pa kuiweka sabufa, kuna mbinu ya zamani ambayo haina heshima hata kidogo lakini inafanya kazi. Ibebe sabufa uiweke juu ya kochi unapoketi, piga wimbo wenye besi isiyokatika, kisha utambae kwa magoti kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo besi inasikika safi, bila kuvuma kupita kiasi wala kupotea, ndipo pa kuiweka sabufa yenyewe. Katika nyumba zetu za matofali kona huvimbisha besi sana, na kwangu ilitoka kona ya dirishani ikahamia kando ya kabati. Watoto bado wanalisimulia tukio hilo.

Yote hayo yakikamilika, bado unaweza kukosa saraundi ya kweli kwa sababu ya kinachoingia. Nilidhani filamu zinanijia kwa chaneli 5.1, kumbe TV ilikuwa imewekwa kwenye PCM, yaani sauti ghafi isiyofungashwa, na kuipelekea risiva chaneli 2 tu. Angalia kioo cha mbele cha risiva filamu inapoanza: kikionyesha Dolby Digital au DTS, ambayo ni mifumo ya kufungasha sauti ya chaneli nyingi, uko salama, kikionyesha PCM wakati filamu yenyewe ina 5.1, mara nyingi tatizo liko kwenye menyu ya sauti ya TV au king'amuzi. Waya wa HDMI uingie kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, ili sauti ya TV irudi kwenye risiva kwa waya huohuo, utaratibu uliokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Waya wa mwanga, ule wenye kijitaa chekundu, bado unafaa kwa Dolby Digital na DTS za kawaida, ila haubebi Dolby TrueHD, ile ya ubora wa juu zaidi.

Sasa ndipo modi zinapokuwa na maana. Kama sauti inayoingia tayari ina chaneli 5.1, iache ilivyo, kwa kuwa waliotengeneza filamu wameshaamua kila mlio ukae wapi. Kama ni chaneli 2, kama zilivyo stesheni nyingi za ving'amuzi vyetu, ninapendelea Dolby Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000, na katika risiva mpya zenye Dolby Atmos, mfumo unaoongeza sauti za kutoka juu, nafasi yake imechukuliwa na modi inayoitwa Dolby Surround. Modi hizi hazitungi mwangwi. Zinachofanya ni kulinganisha kushoto na kulia: kilicho sawa pande zote mbili, mfano mtangazaji wa mpira, hupelekwa kati, na kinachopingana hupelekwa pembeni. Ndiyo maana siku ya Simba na Yanga mtangazaji anabaki kwenye TV na kelele za Kwa Mkapa zinakuzunguka kochini, mradi tu wenye kurusha matangazo wamezirusha kwa sterio.

Muziki ninausikiliza kwa sterio tupu, uwe taarabu, dansi la zamani au bongofleva, na sabufa ikisaidia chini. Modi zenye majina ya kumbi, makanisa na viwanja huongeza mwangwi wa kutengenezwa, na sebule yenye marumaru na jipsamu haina upungufu wa mwangwi; zulia na pazia zito vimenisaidia kuliko modi zote hizo kwa pamoja. Ile inayotoa sterio kwenye spika zote nimeikubali kwa shughuli moja tu, wageni wakiwa wengi na hakuna aliyekaa katikati.

Usiku kuna modi ya kubana tofauti kati ya kelele na minong'ono, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi kwa sauti za Dolby. Mlipuko hushuka, maneno hupanda, na jirani tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja hanigongei tena. Hata hivyo, sabufa naipunguza kwa desibeli 4 au 5 zaidi, kwa sababu besi haijui ukuta.

Joto la Dar lisisahaulike. Risiva haipendi kufungiwa kwenye kabati la vioo, na sentimita 15 za nafasi juu yake si anasa. Usiunganishe pia spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye tundu moja kwa sambamba bila kuangalia kitabu, kwa kuwa kwa mashine hugeuka omu 4, na hapo ndipo huanza kujizima yenyewe filamu ikifika patamu.

Mwaka jana umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, na risiva, ambayo kwa kawaida haisahau kwa kukosa umeme tu, safari hiyo ikasahau kila kitu. Sikulazimika kutambaa tena, kwa kuwa nilikuwa nimeziandika tarakimu zote kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya TV: mbele 3.2, kati 3.0, pembeni kushoto 1.5, pembeni kulia 2.1, mpaka wa besi 80. Chini yake mama watoto ameongeza kwa kalamu nyekundu: uwanja wa michezo, marufuku.