Faili langu kila mtu analiona ila mimi

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi, je unajua serikali imeandika nini kukuhusu, na unaridhika na jinsi inavyotunza na kutoa hizo taarifa? Mi jibu langu ni hapana mara mbili, sijui na siridhiki, na naomba nafasi nieleze kwa nini hata kama itakuwa ndefu kidogo.

Nianze na karanga. Mwaka jana nilikuwa pale stendi ya Msamvu nasubiri gari ya Dar, nikanunua karanga za mia tano, zile wanazofunga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Zimekaribia kuisha ndo naona ndani ya ile karatasi kuna picha ya mtu, pasipoti saizi, imebanwa na pini ya stepla imeshaota kutu. Nikaikunjua. Kumbe ni fomu ya ofisi ya serikali, sitaitaja ofisi gani, na sio fotokopi, ni orijino kabisa, ina majina matatu ya mama mmoja, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya simu, kijiji alichozaliwa, jina la mama yake mzazi, watoto aliozaa na umri wao, sahihi kwa peni ya bluu, na kule chini kile kisehemu kilichoandikwa KWA MATUMIZI YA OFISI TU kimejazwa kwa mwandiko wa haraka na mhuri juu yake. Chumvi ya karanga imeshaingia mpaka kwenye mhuri. Nilikaa nayo mkononi nikashindwa hata kuitupa, maana nikiitupa si ataiokota mwingine?

Hiyo karatasi nitairudia.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kaajiriwa mwaka 1985. Amezaliwa 1960, kwa hiyo kustaafu kwake kwa lazima miaka 60 ilikuwa iwe 2020, hesabu ya wazi tu. Sasa 2018 ikaja barua kwamba muda wako umefika, kwenye kompyuta umezaliwa 1958. Akachukua cheti chake akaenda ofisi inayohusika. Nilimsindikiza. Masijala yenyewe ni chumba kidogo, kaunta ya mbao, mafaili yamepangwa mpaka karibu na dari, mengine yapo chini sakafuni yamefungwa kamba. Kijana akalitoa faili la mama, likafunuliwa pale pale mbele yetu, mama akanyoosha shingo aone. Yule kijana akalifunga.

"Mama kaa pale kwenye benchi, jalada ni la siri hili."

"Siri ya nani mwanangu? Jina lililoandikwa hapo juu si langu mimi?"

"Utaratibu mama."

Tukakaa kwenye benchi. Wakati tumekaa akaingia kijana wa chai, akapita nyuma ya kaunta bila kuulizwa na mtu, akaweka chupa ya chai na sinia ya chapati juu ya yale mafaili, akasogeza moja lililofunguka ili vikombe vipate nafasi. Mama alikuwa anamtazama tu. Njiani kurudi ndo akaniambia, yule mtoto wa chai anaruhusiwa kusoma maisha yangu ila mimi siruhusiwi.

Tulienda mara nne. Mara ya kwanza siri, mara ya pili na ya tatu "faili halionekani", na kila Mtanzania anajua hilo neno linataka nini, mama akakataa kutoa hongo. Mara ya nne tukamkuta mzee mmoja amebakiza miezi michache na yeye astaafu, akalitafuta, akaligeuza kuelekea upande wa mama akamwambia mwalimu hebu angalia mwenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika moja! Karatasi ya kwanza kabisa, fomu aliyoijaza mwenyewe 1985 kwa mkono wake, imeandikwa 1960, sita na sifuri zake zina vimkia juu kama ninavyozijua mpaka leo anavyoandika, na mtu aliyekuja kuhamishia kwenye kompyuta kazisoma tano na nane. Basi. Kosa la vimkia viwili. Ilirekebishwa lakini ilichukua miezi tisa na katika hiyo miezi tisa hakuwa na mshahara wala mafao, tukawa tunachangishana sisi watoto.

Ndo maana nasema tatizo letu kubwa sio kwamba serikali inatunza kumbukumbu zetu. Itunze, bila hizo mama angepata wapi mafao. Tatizo ni kwamba mwenye faili ndo mtu wa mwisho kuliona, na yeye ndo mtu pekee ambaye angeligundua kosa kwa kutupia jicho mara moja. Karani hawezi kujua mimi nimezaliwa lini wala kwamba jina la babu yangu lina h au halina, anajua kilichoandikwa tu.

Wenzetu Kenya walipata somo zuri sana hapa. Juni 2021 Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa iliwawezesha wananchi kuangalia kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali yao, kama wamesajiliwa kwenye chama. Watu wakaingia kwa maelfu kuangalia, na wengi wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kukanyaga ofisi yake, namba ya kitambulisho ni yao kweli ila sahihi ya kujiunga hawajawahi kuweka. Malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sasa jiulize, yale majina yalikaa humo muda gani bila mtu kusema kitu? Yalikaa mpaka siku mwenyewe aliporuhusiwa kuchungulia.

Na huku kwetu kuna lile la Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, Rais Magufuli akakabidhiwa ripoti pale Chuo Kikuu cha Dodoma, watumishi 9,932 wakaambiwa vyeti vyao ni vya kughushi, na orodha ikawekwa hadharani kwa majina. Mi sitetei mtu wa kughushi, aliyechukua kazi kwa cheti cha mwenzake alistahili kuondoka. Ila kwenye orodha ile wapo waliokata rufaa ikaonekana vyeti vyao ni halali. Huyo mtu jina lake lilishasomwa na mtaa mzima, wanafunzi wake walishasoma, mkwe wake alishasoma. Rufaa inamrudisha kazini lakini haiwezi kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba lile jina mlilosoma lilikosewa. Ingekuwa kila mmoja ameandikiwa barua kwanza, tumeona hiki kwenye faili lako una siku kadhaa za kujibu, halafu ndo itangazwe orodha ya waliothibitika, nani angeumia?

Kuna watu huwa wanasema kama huna baya unaogopa nini. Huo msemo naukataa kabisa. Rwanda hapo jirani, enzi za Wabelgiji waliweka kwenye kitambulisho mstari mmoja wa kabila, jambo la kiofisi tu, na hakuna aliyeufuta miongo yote ile, mwaka 1994 ule mstari mmoja ukawa ndo unaamua kwenye kizuizi cha barabarani nani apite na nani asipite. Wale waliouawa walikuwa na baya gani? Kilichoandikwa kukuhusu hukijui leo kitatumiwa na nani kesho, kwa hiyo lazima tuulize kinaandikwa kwa sababu gani, na kikishamaliza kazi yake kinafutwa lini.

Sheria tunayo, nisiwe mchoyo wa kusema. Katiba ibara ya 16 inatulindia faragha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024, na hiyo sheria inanipa haki ya kuuliza taasisi mnazo taarifa zangu, mnazitumia kwa ajili gani, mmempa nani, na zikiwa na makosa nidai zirekebishwe, na nikiona nimeonewa nipeleke malalamiko Tume. Ina milango yake ya pembeni, mambo ya usalama wa nchi na uchunguzi wa makosa, hilo naelewa, ila mwaka aliozaliwa mwalimu wa shule ya msingi hauhusiani na usalama wa nchi. Kabla ya hapo ilikuwepo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaomba kwa maandishi unatakiwa ujibiwe ndani ya siku 30. Watu wanazichanganya hizi mbili, na naona hata maofisini wanazichanganya. Bajeti ya ujenzi wa zahanati ni ya kila mtu, waibandike ukutani. Ugonjwa ulionipeleka kwenye hiyo zahanati sio wa kila mtu. Sasa nenda ofisi yoyote uombe vyote viwili uone, bajeti utaambiwa siri, na daftari la wagonjwa liko wazi mezani kila anayekuja kujiandikisha anasoma majina ya waliomtangulia na wanachoumwa.

Alafu kuna jambo jipya ambalo linanitisha zaidi ya mafaili ya kamba. Zamani taarifa zangu zilitawanyika, kidogo huku kidogo kule. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ule ambao mwisho wake ulisogezwa mpaka Januari 20, 2020 ndo laini zikaanza kuzimwa, karibu kila kitu kimefungwa kwenye namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Laini, akaunti ya benki, TIN ya mlipa kodi, pasi ya kusafiria, maombi ya kazi. Na ile namba yenyewe ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukimtajia mtu namba umeshamtajia na umri. Tunaitaja kwa sauti kwenye foleni, tunaandika kwenye daftari la mlinzi getini, tunamtumia wakala kwenye wasapu.

Na maombi yote sasa hivi ni ya mtandaoni, sawa ni maendeleo, lakini mwananchi wa kawaida simu yake haifungui ile sistimu, anaenda steshenari. Mi nimefanya kazi steshenari miaka miwili najua ninachosema. Mteja anakuja na vyeti, unamskania, unamfungulia barua pepe, paswedi unamtungia wewe unamwandikia kwenye kikaratasi, na skani zinabaki kwenye kompyuta yako. Wakati naondoka pale kwenye desktopu kulikuwa na folda inaitwa WATEJA ina vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, matokeo ya hospitali, hati ya ndoa, vitu vya watu karibu mia nne, na kompyuta haina paswedi kwa sababu tunabadilishana zamu. Nilizifuta siku ya mwisho kwa mkono wangu. Hakuna aliyenituma kuzifuta wala hakuna sehemu niliambiwa nisizitunze. Serikali ikihesabu mafaili yake inahesabu yale ya masijala na yale ya seva, haya ya steshenari hayapo kwenye hesabu ya mtu yeyote na ndo mlango ambao watu wengi wanaingilia.

Estonia, nchi ndogo tu ya Ulaya, mwananchi anaingia kwenye mtandao wa serikali anaona taasisi ipi imefungua taarifa zake na siku gani, na akiona jina la ofisi asiyohusika nayo anauliza mlinifungua kwa shida gani. Hicho ndo kitu ninachokitaka hapa kuliko kingine chochote. Polisi au daktari au afisa wa kodi akifungua faili langu ibaki alama yake, na hiyo alama niione mimi. Kwa mafaili ya karatasi hata daftari tu la kusaini linatosha, halihitaji umeme. Na hizo karatasi zikiisha kazi zichomwe au zisagwe na mtu asaini kwamba zimesagwa, sheria ya kumbukumbu na nyaraka tunayo tangu 2002, zisiuzwe kwa kilo sokoni.

Sasa ile karatasi ya karanga. Nilikaa nayo siku tatu nikijiuliza, mwisho nikaipiga ile namba. Akapokea mama wa makamo, nikamwamkia, nikajieleza polepole maana nilijua ataogopa, na kweli mwanzo alidhani tapeli, mpaka nilipomtajia jina la mama yake mzazi. Nikasema mama nimeona nikuulize, niichome au nikuletee? Hakujibu hilo. Akaniuliza, mwanangu hapo chini, pale palipoandikwa matumizi ya ofisi, wameandika nini?

Nikamsomea. Iliandikwa mwombaji hana barua ya makazi ya serikali ya mtaa, arudishiwe aambatanishe. Na tarehe.

Akaniomba nirudie tarehe. Nikarudia. Akanyamaza kidogo akasema, barua ya mtaa ninayo hapa kabatini, miezi saba nilikuwa naenda pale wananiambia nisubiri.