Anayecheza mhalifu ndiye anayeibeba gemu

Swali lenu la wiki hii liliuliza: mtu anayechagua kuwa mhalifu kwenye gemu ya mtandaoni, je, anatuonyesha tabia yake halisi? Najibu kwamba anatuonyesha, ila siyo tabia ile ambayo wengi wanaihofia. Mimi nacheza upande wa wahalifu kwa moyo wote, na naamini kabisa kwamba mhalifu mzuri ni mchezaji mkarimu kuliko wengine.

Gemu yenyewe ni City of Heroes, iliyotengenezwa Marekani. Ilipotoka mwaka 2004, kila mchezaji alikuwa shujaa wa mji wa Paragon City. Mwaka uliofuata ikaja City of Villains, na pamoja nayo visiwa vya Rogue Isles chini ya himaya ya Lord Recluse, ambako mhusika wako anaanza safari yake kwa kutoroka gerezani. Kampuni ya NCSoft iliizima mwaka 2012. Wapenzi wake wakaifufua mwaka 2019, na mwaka 2024 kikundi cha Homecoming kikapewa leseni na NCSoft yenyewe. Kucheza ni bure. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaingia kwenye seva ya Ulaya, Reunion, ambayo kwetu haikwami sana kama za Amerika Kaskazini, umeme ukiturehemu.

Mhalifu wangu anaitwa Kausha Damu. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Nina banda la kutengeneza simu Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, naiona kila msimu. Mama amekopa anunue dagaa, mvua imenyesha kabla hawajakauka, mzigo umeoza. Wiki ya marejesho wakopeshaji wanafika, wanabeba godoro, runinga na mtungi wa gesi huku watoto wanatazama. Na yule mwenye pesa hasa haji. Anatuma vijana.

Ndiyo maana nilimfanya Mastermind, aina ya mhusika anayepigana kwa kuamuru kundi lake. Unaweza kuchagua maroboti, maninja, hata wafu waliofufuliwa. Mimi nilichukua wahuni. Wanatangulia, wanapigwa, wanaanguka, naita wengine. Kausha Damu hachafui shati lake. Wala hapigi kelele, maana mkopeshaji anayetisha kweli namjua, ni yule anayekuita mwanangu na kukuuliza hali ya mama kabla hajataja deni.

Hivyo ndivyo nilivyomchezesha pale Pocket D, klabu iliyomo ndani ya gemu ambako mashujaa na wahalifu hukaa pamoja na kupigana hakuruhusiwi. Dada mmoja wa Musoma ana shujaa anayetetea wadaiwa. Nikakaa meza yake. Nikaandika: «Karibu, mwanangu. Mama anaendeleaje na ule mguu?» Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaandika ndani ya mabano, kwa desturi yetu ya kuonyesha kwamba sasa anaongea mchezaji mwenyewe: ((Kaka, hapo nimeogopa kweli. Usiache, endelea.))

Tulikuwa tumeshazungumza mapema. Nilimuuliza ni mambo gani hataki yaguswe na angependa hadithi iishie wapi. Alitaka daftari la madeni lichomwe moto mbele ya wahuni wangu, na wao wanikimbie. Tukahamia Siren's Call, eneo ambalo pande mbili zinaruhusiwa kushambuliana. Kwa nguvu za wahusika wetu ningeweza kumshinda. Nikawaondoa wahuni mmoja mmoja, nikaandika jinsi wanavyotupa silaha na kuondoka bila kunitazama, nikabaki peke yangu na fimbo yangu. Alifurahi mno yule dada. Nami nilifurahi kama yeye, pengine kumzidi, kwa sababu ushindi wake niliujenga mimi tangu lile neno la kwanza, mwanangu.

Shujaa anaweza kuingia gemuni akatafuta sifa zake tu na bado akawa shujaa. Mhalifu hana nafasi hiyo. Lazima afikirie mwenzake: aogope nini, apate nini, ashinde lini.

Na sisi Wasukuma hili tumelelewa nalo. Bibi alipotusimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, alilitolea sauti nzito hadi tukajikunyata. Ile sauti ndiyo iliyomfanya mtoto Masala Kulangwa, aliyeliua zimwi na kulipasua tumbo watu wakatoka, aonekane mkubwa machoni petu. Angelisimulia zimwi kwa uvivu, Masala Kulangwa angekuwa mtoto wa kawaida tu. Hakuna mjukuu aliyemshuku bibi kwamba anapenda kumeza watu.

Wapo wachezaji wabaya, sikatai. Wanachagua upande wa wahalifu wapate kisingizio cha kutukana, kumwandama mgeni ambaye hajajua hata vitufe, na kuwaletea wasichana maneno machafu halafu waseme ni mhusika wangu huyo. Hawa nawachukia, na wanaoendesha seva wanapowafungia wanafanya haki. Lakini mtazameni mtu huyo akivaa vazi la shujaa: maneno ni yaleyale na wanaoumia ni walewale. Tabia ya mtu mtaijua kwa anavyomtendea anayecheza naye, upande wowote aliopo.

Kijana anayetaka kujaribu asianze na Mastermind, kuongoza kundi kunachosha mgeni. Aanze na Brute, ambaye hasira yake hupanda kadiri anavyopiga na kupigwa, nayo ikipanda ngumi zinakuwa nzito. Akavunje benki kule Paragon City, ambako kila anachobomoa njiani kinamwongezea muda, na akitoka na fedha atamkuta shujaa anamsubiri. Akishazoea, atafute mchezaji wa upande wa pili, na kabla hawajaanza amuulize angependa amshinde vipi.