Chuja mara moja, mimina mara tatu

Mhazini wa kikundi kimoja cha wafugaji wilayani Rungwe alinipigia simu usiku, mvua ya Tukuyu ikisikika juu ya bati lake. "Kijana wangu, gawio lilikuwa laki sita. Nimejumlisha karatasi yako mara mbili, inatoka 558,000. Hizi 42,000 ni za nani?"

Sikuwa na jibu. Mfumo wa kituo chao cha maziwa niliuandika mwenyewe, chumbani kwangu Soweto hapa Mbeya, na nilikuwa nauonea fahari.

Gawio hulipwa kwa mchango: lita za mfugaji kwa lita zote za kituo. Pembeni tunaweka wastani, kila mtu aone yuko wapi. Rekodi zilezile za mwezi, basi, zinahitajika mara tatu ndani ya kweri moja (yaani ombi moja kwa kanzidata, ghala la rekodi kwenye kompyuta), nami nilikuwa nimenakili kweri ndogo ileile mara tatu. Ikaenda vizuri zaidi ya mwaka. Kisha kituo kikaanza kuandika hata maziwa yanayokataliwa pale laktomita, kifaa cha kupimia maziwa, ikionyesha yametiwa maji. Zamani yalirudi tu na mwenyewe kwenye ndoo. Nikaongeza sharti la kuyaondoa sehemu mbili. Ya tatu, jumla ya kituo, nikaisahau. Kigawanyo kikavimba, asilimia za watu wote zikashuka.

Dawa yake ni kuchuja sehemu moja, kukipa jina kilichochujwa kwa neno WITH la lugha ya SQL, kisha kuchota humo kila unapohitaji:

WITH safi AS (
  SELECT mkulima, lita
  FROM mapokezi
  WHERE hali = 'imepokelewa'
    AND tarehe >= '2024-03-01'
    AND tarehe < '2024-04-01'
)
SELECT mkulima, SUM(lita) AS lita_zake,
  100.0 * SUM(lita) / (SELECT SUM(lita) FROM safi) AS asilimia
FROM safi
GROUP BY mkulima;

Sharti likibadilika, nabadilisha mstari mmoja tu. Wastani nao unachota humohumo kwenye safi. (Na hiyo alama ya "chini ya tarehe 1 Aprili" si mapambo. Safu yetu ya tarehe ina saa ndani yake. Ukiandika BETWEEN ukaishia '2024-03-31', kanzidata inasoma saa sita usiku, siku hiyo inapoanza, na maziwa yote ya tarehe 31 yaliyofika baada ya hapo yanapotea. Hilo nalo liliwahi kunikuta.)

Wengi husifia WITH kwa kasi. Mimi naipendea usahihi kwanza, maana habari ya kasi inategemea kanzidata uliyonayo. PostgreSQL kabla ya toleo la 12, la mwaka 2019, ilikuwa inakokotoa sehemu ya WITH peke yake kila mara. Tangu toleo hilo, jina likitajwa mara moja tu kweri ya kawaida huunganishwa na kweri kubwa. Likitajwa mara mbili au zaidi, matokeo hukokotolewa mara moja na kuhifadhiwa kwa muda. Ukitaka kulazimisha yahifadhiwe unaandika AS MATERIALIZED. SQL Server yenyewe haikuhifadhii: kila unapotaja jina, kazi inaweza kurudiwa upya. Huko, kama uchujaji ni mzito, weka matokeo kwenye jedwali la muda.

Ndiyo maana sharti la mwezi nimeliweka ndani ya safi, wala si nje. Ukiliacha nje na jina limetajwa mara mbili, PostgreSQL inakusanya miaka yote ya maziwa kwanza, ndipo inakumbuka ulitaka Machi. Weka EXPLAIN ANALYZE mbele ya kweri yako, uone hatua ilizopita. Ukikuta maneno "CTE Scan" (CTE ndiyo hiyo sehemu ya WITH) ujue inasoma kile ilichokwisha kuhifadhi. Tazama idadi ya rekodi zilizohifadhiwa. Yangu ilikuwa inabeba rekodi za miaka mitatu kwa ajili ya ripoti ya mwezi mmoja.

Wenzangu mlio kwenye MySQL: WITH ilikuja na toleo la 8.0. Seva yetu ya kwanza ilikuwa 5.7, nikajaribu jedwali la muda, nikapigwa na "Can't reopen table". MySQL haikuruhusu kutaja jedwali la muda zaidi ya mara moja katika kweri moja, jambo ambalo ndilo hasa nililokuwa nalitaka! Nikajikimu na VIEW, kweri iliyohifadhiwa kwa jina, hadi tulipohama. VIEW haikuongeza kasi, ila sharti lilikaa mahali pamoja.

Zile 42,000 tuliwagawia wafugaji mwezi uliofuata. Mhazini sasa ana mstari mpya mwisho wa ripoti, jumla ya asilimia zote, aliyoniomba mwenyewe. Bado anaipiga kwa kikokotoo chake kabla hajasaini.