Tuta la barabara limekausha mikoko: kupanda miche kutatosha?

SWALI: Barabara mpya imepita juu ya tuta katikati ya mikoko yetu. Upande wa bara miti inakauka. Mkandarasi anasema atafidia kwa kupanda miche. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, na msikubali kazi ianze hivyo. Kilichoua miti ni tuta kuzuia maji ya bahari yasiingie na kutoka. Mche utakaopandwa hapo utakufa vilevile. Kwanza yawekwe makalavati (njia za maji chini ya barabara) mapana pale mkondo ulipokuwa, sakafu yake ikiwa usawa wa kitanda cha mkondo. Kalavati likiinuliwa hata kidogo, bahari ikipwa maji hayatoki yote, chumvi inajikusanya na mizizi inakosa hewa. Chomekeni vijiti vyenye alama pande zote mbili, mlinganishe kimo cha maji wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa.

Maji yakirudi, huenda mbegu zikajileta zenyewe. Zisipokuja, pandeni kwa nafasi ya mita 1, yaani miche 10,000 kwa hekta, kila aina mahali pake: mchu sehemu ya juu, mkandaa unaofuata, mkoko karibu na mkondo. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina shingo (pale inapoungana na tunda) ya njano. Ya kijani kibichi iacheni mtini. Kosa linalorudiwa sana ni kupanda kwenye tope tupu la chini, ambako mikoko haikuwahi kuota.