Kabla hujapima mafuta, yajue maji yako

Vijana wanaosomea uhandisi wa petroli huniandikia wakitaka kujua wajifunze programu gani ya kompyuta, au waombe kazi wapi. Kuhusu maji haniulizi mtu. Mimi muda wangu mwingi maabara nimeumalizia kwenye maji: kuyachanganya, kuyachuja, kuyasukuma ndani ya mwamba, kisha kukaa kusubiri kama mafuta yatatoka au yatagoma. Kwa hiyo leo pokeeni ushauri ambao hamkuuomba.

Kwanza sahau ile picha ya ziwa la mafuta chini ya ardhi. Mafuta yamejificha kwenye vitundu vya mwamba, vingi vyembamba kuliko unywele, na humo humo mna maji ya kale ambayo mara nyingi yana chumvi kupita bahari. Tunaposukuma maji kutoka juu ili yayafukuze mafuta, nguvu ya pampu ni sehemu tu ya habari. Kubwa ni nani ameshika ukuta wa kitundu, maji au mafuta.

Hilo huamuliwa na chaji ya umeme, hasi au chanya. Uso wa kwatzi, madini makuu ya mchanga, na wa udongo wa mfinyanzi kwa kawaida ni hasi. Uso wa kalsiti, madini ya chokaa, ukiwa ndani ya maji yenye kalsiamu nyingi, huelekea kuwa chanya. Mafuta ghafi nayo yana asidi, na asidi hizo zikishapoteza haidrojeni hubaki hasi. Kwenye kalsiti basi zinanasa zenyewe. Kwenye mfinyanzi, hasi na hasi zinafukuzana, mpaka kalsiamu iingie kati na kuzishikanisha. Ndiyo maana kwenye baadhi ya miamba ya mchanga ukipunguza chumvi katika maji unayosukuma, mafuta yanalegea. Si kila mwamba wa mchanga lakini. Anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu.

Mfano ninaoupenda ni Ekofisk, uwanja wa mafuta upande wa Norwe wa Bahari ya Kaskazini, uliogunduliwa mwaka 1969. Mwamba wake ni chaki, yaani mabaki ya magamba ya mwani mdogo sana wa baharini, na joto lake ni kama nyuzi 130 za Selsiasi. Mwanzoni walitarajia kutoa takriban asilimia 17 tu ya mafuta yaliyomo. Mwaka 1987 wakaanza kusukuma maji ya bahari kwa kiwango kikubwa, na leo makadirio yako karibu na asilimia 50. Maji ya bahari yana salfeti (chembe hasi za salfa na oksijeni) kama gramu 2.7 kwa lita, na salfeti inapokaa kwenye uso wa chaki inapunguza ile chaji chanya. Kalsiamu inapata nafasi ya kusogea na kuzing'oa asidi za mafuta. Joto likiwa kali, magnesiamu nayo huingia kazini. Lakini maji hayo hayo yanaidhoofisha chaki. Sakafu ya bahari ilikuwa imeshaanza kudidimia kwa sababu ya presha kushuka, hata majukwaa yakainuliwa mita 6 mwaka huo huo wa 1987, na presha iliporudishwa kudidimia hakukukoma mara moja.

Usiichukue salfeti sasa ukaipeleka kila mahali. Maji ya kale yakiwa na bariamu, vikikutana vinatengeneza bariti, gamba gumu lisiloyeyuka kirahisi, na kisima kinaziba. Kuna majukwaa yanachuja salfeti kwanza kabla ya kusukuma maji ya bahari.

Kwa ndugu zangu wanaotazamia kazi Uganda: mradi wa mafuta wa Tilenga umepangwa kutumia maji ya Ziwa Albert, na hayo ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Jifunzeni mfinyanzi mapema. Nimekaa mbele ya kipimo cha presha nikisukuma maji yasiyo na chumvi kwenye mwamba wa Berea, ule mchanga wa Ohio unaotumika maabara nyingi. Ukibadilisha ghafla kutoka maji ya chumvi, presha inapanda bila kusimama na matone yanayotoka yana ukungu. Ule ukungu ni chembe za mfinyanzi zilizobanduka. Nyingine zimebaki ndani zikiziba njia. Punguza chumvi hatua kwa hatua, au bakiza kalsiamu au potasiamu kidogo.

Mambo ya meza ya maabara sasa, pale unapojitengenezea maji ya chumvi. Chumvi ya magnesiamu iliyoko kwenye kopo huwa imebeba maji ndani ya fuwele zake: katika kila gramu 203 za kloridi ile ya kawaida, 108 ni maji. Soma lebo kabla ya kupima. Yeyusha salfeti na bikaboneti kwenye chupa moja, kloridi za kalsiamu na magnesiamu kwenye nyingine, ndipo uunganishe taratibu. Yakichafuka na kuwa meupe, mwaga uanze upya, maana ayoni (chembe zenye chaji) ulizopima hazimo tena. Mwamba uliojazwa mafuta uache kwenye joto la kisima wiki kadhaa, asidi zipate muda wa kushika. Ukiuharakisha utapima mwamba safi unaopenda maji na kufurahia matokeo ya uongo. Na yale maji yanayotoka upande wa pili usiyamwage. Yawekee tarehe, pima kalsiamu, magnesiamu, salfeti na pH (kiwango cha uasidi), kisha linganisha na ulichoingiza. Salfeti ikichelewa kutoka wakati kloridi imeshapita, ujue imebaki kwenye uso wa mwamba.