Mwanangu amevimba kwa granola niliyopika mwenyewe

*Shikamoo Bibi. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Alipokuwa na mwaka na nusu alilamba mwiko wa mchuzi wa karanga, uso ukavimba, na daktari akathibitisha kuwa ana mzio wa karanga. Granola za dukani karibu zote nilizoziona zina karanga au korosho, kwa hiyo nikajifunza kutengeneza yangu: oti, nazi, mbegu za maboga, asali na mafuta. Ameila karibu mwaka mzima bila shida. Mwezi uliopita nilipika kopo jipya. Alikula vijiko vitatu tu, midomo ikavimba, vipele vikamtoka, akatapika. Tulikimbilia hospitali, akapona. Tangu hapo sina amani. Mama mkwe tunaishi naye, na siku zote husema haya ni maradhi ya kizungu, mtoto apewe uji wenye karanga kidogo kidogo atazoea, mbona baba yake amekulia karanga. Siku ile nilimwacha jikoni nikaenda dukani. Moyo unaniambia alitia karanga. Mume wangu hataki hata kulisikia. Niache granola? Na mama mkwe nimwambieje? – Mama mwenye wasiwasi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umpe pole yangu huyo mdogo.

Kabla hujamtamkia mama mkwe neno lolote, nenda jikoni. Chukua mbegu za maboga zilizobaki, uzimwage kwenye sinia mchana, karibu na dirisha, uzichambue kama unavyochambua mchele. Unatafuta ngozi nyekundu, nyembamba kama karatasi, ile inayobanduka kwenye karanga ukiisugua kwa vidole. Hukuniandikia mbegu umezinunua wapi, lakini kama ni sokoni za kupima, unajua mwenyewe meza zile zilivyo: karanga hapa, ufuta pale, mbegu za maboga katikati, na muuzaji ana kikombe kimoja kinachohama kutoka gunia hili kwenda lile. Hana ubaya wowote, ndiyo kazi yake. Ila mwaka mzima unaweza kupata fungu safi, halafu siku moja ukapata fungu lililochotwa baada ya karanga.

Ukimaliza mbegu, fungua blenda. Toa kisu, toa na ule mpira wa chini yake, uukunjue kwa ukucha. Kama nyumba yako ni kama nyumba zetu nyingine, humo ndimo karanga za mchicha zinamosagwa, na hapo chini ya mpira hubaki uji wa kahawia uliogandamana ambao maji ya kupitisha tu hayaugusi. Kama nazi au oti za mtoto zilipita kwenye blenda hiyo, karanga zilipita nazo.

Nakwambia haya nikiwa bibi ambaye yamenikuta. Mjukuu wangu ana mzio wa korosho. Sikukuu moja ya Idi nilikaanga korosho za wageni, nikafuta kikaango kwa kitambaa, kisha nikakausha humohumo nazi ya kashata zake. Nilizitenga kwenye sahani yake, nikaifunika. Alikula kipande, akaanza kukohoa, akawa anajikuna shingo kwa mikono miwili. Binti yangu alimbeba mwanawe akanitazama, na mtazamo ule sijausahau. Angeniuliza kama nimetia korosho ningeapa kwamba sikutia, na ningekuwa nasema kweli. Ndiyo maana barua yako nimeisoma mara tatu.

Sisemi kwamba mama mkwe hakutia. Mimi sikuwepo. Nasema kuna njia nyingi za karanga kuingia kwenye kopo lile pasipo mkono wa mtu mwenye nia, na tuhuma kama hiyo ukishaitoa hairudi mdomoni. Mwulize swali la kawaida, kwa sauti ya kawaida: "Mama, siku ile nilipotoka, kuna chochote kilichopikwa au kukaangwa?" Huenda alikaanga karanga zake mwenyewe akakoroga granola yako kwa mwiko uleule ili isiungue. Kumbe alikuwa anakusaidia.

Sasa la mtoto, maana hilo halisubiri. Midomo kuvimba, vipele na kutapika kwa pamoja si jambo la kumalizwa kwa dawa ya vidonge. Piriton hupunguza mwasho, lakini haizuii koo kuziba wala haipandishi presha iliyoshuka. Dawa ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mapema. Zile kalamu za sindano ambazo wazazi wa nchi nyingine hutembea nazo si rahisi kuzipata kwetu, kwa hiyo muulize daktari waziwazi: kwa mtoto wangu, mpango ni upi? Kituo gani cha karibu kina adrenalini usiku? Nani ana usafiri? Mkiwa njiani, mtoto alale na miguu iinuliwe. Kama anahema kwa shida aketi, ila asitembezwe wala kusimamishwa. Na akishapata nafuu msikimbilie kurudi nyumbani, kwa sababu dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kopo lile usilitupe, wala asionjeshwe mtu kwa ajili ya kujaribu. Lifunge, andika tarehe, nenda nalo kwa daktari pamoja na pakiti ya oti na mbegu zilizobaki. Mwambie kila kilichomo. Huenda si karanga kabisa: zipo aina za mzio zinazokuja baadaye, na mbegu za maboga au ufuta vinaweza kumletea mtoto mzio wake vyenyewe. Marekani waliuingiza ufuta kwenye orodha ya vyakula ambavyo lazima vitajwe kwenye pakiti kuanzia Januari 2023, kwa jinsi ulivyokuwa unadhuru watu. Basi mpaka daktari apime, mbegu za aina yoyote ziondoke kwenye chakula chake.

Granola usiiache. Mtoto ana haki ya kitu kitamu cha kubeba shuleni. Ila ipunguze. Vikombe vitatu vya oti, kikombe kimoja cha nazi uliyokuna mwenyewe kwenye mbuzi na kuikausha, robo kikombe cha mafuta, robo kikombe cha asali, mdalasini na chumvi ya kuonja. Oveni nyuzi 150, nusu saa hivi, unageuza kila baada ya dakika kumi. Kwa jiko la mkaa, sufuria nzito, moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko. Zabibu kavu utie ikishapoa. (Kama kuna mdogo wake ambaye hajatimiza mwaka, yeye asipewe, kwa sababu asali si ya mtoto wa umri huo.) Mafuta chagua yaliyosafishwa kiwandani, maana mashine ndogo za kukamua leo hukamua alizeti na kesho karanga. Oti soma pakiti hadi yale maandishi madogo ya nyuma. Zinazotoka Ulaya, vyakula vyenye mzio ni lazima vitofautishwe kwenye orodha ya viambato, mara nyingi kwa wino mzito. Onyo la kwamba kiwanda kinashika pia karanga, hilo mara nyingi ni hiari ya mwenye kiwanda, kwa hiyo pakiti isiyo na onyo haijakuhakikishia kitu. Ukiipata aina ambayo daktari na wewe mmeridhika nayo, baki nayo.

Sufuria moja, mwiko mmoja, kisu kimoja na kopo moja viwe vya mtoto, ikiwezekana vya rangi yake. Kinu cha mti kilichotwanga karanga usikisafishe ukakiamini, ubao hunyonya. Na usiseme moto utaua. Kinachomdhuru ni protini ya karanga, na kukaanga hakuiui. Tena karanga iliyokaangwa huweza kuwa kali zaidi kwa wenye mzio kuliko iliyochemshwa. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Maji matupu hayatoshi, na ile dawa ya mikono ya kupaka haiondoi karanga.

Nirudi kwa mama mkwe, kwa sababu anayoyasema yana nusu ya ukweli na mtu akinyimwa nusu yake hakusikilizi. Mwaka 2015 madaktari wa London walitangaza utafiti wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Waliolishwa karanga tangu wakiwa na miezi minne hadi kumi na moja walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Yaani kina mama waliotulisha karanga mapema walikuwa wanafanya jambo la maana. Lakini wale ambao kipimo cha ngozi kilionyesha tayari wanazikataa karanga kwa nguvu hawakuingizwa kabisa. Kumzoesha mtoto mwenye mzio kunafanyika, ila hospitali, kwa vipimo vidogo mno, madaktari wakiwa pembeni. Kijiko cha uji nyumbani kinaweza kumuua.

Haya asiyasikie kwako. Mumeo amchukue mama yake, waende pamoja siku ya kumwona daktari, na yeye bibi aulize maswali yake yote. Mumeo amekaa kimya muda mrefu, na hili ni la kwake: ni mama yake na ni mwanawe. Wewe kaa, usimsahihishe mtu.

Mkirudi, na siku ya kupika granola ikifika, mwombe mama mkwe akukunie nazi.