Wasukuma na ng'ombe hadi Kilwa: jibu la mmoja wao

Mkuu, umeuliza kwa nini Wasukuma wamejaa mpaka Kilwa, kwani kwao hakukaliki? Ngoja nikujibu, maana mimi ni mmoja wa hao unaowasema.

Kwetu ni Maswa. Babu alikuwa na ng'ombe mia na ushee, na watoto wa kiume saba. Piga hesabu mwenyewe. Pamba ilishalimwa kila kona, hata ngitili, yaani zile nyasi zinazofungwa masika ili mifugo ile kiangazi, zikaanza kupigwa plau. Ushauri wa "punguzeni mifugo" tuliusikia sana, lakini ng'ombe ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye akiba ya mwaka wa njaa. Baba akaona bora apunguze watu: mwaka 1986 akaswaga fungu lake hadi Usangu, kule Mbeya.

Usangu kulikuwa na bonde la Ihefu, majani mabichi hata Oktoba. Wenyeji Wasangu nao wafugaji, tukaelewana. Shida ilikuja maji yalipopungua. Kuanzia 1993 mto Ruaha Mkuu ukawa unakauka kiangazi, na lawama zote akabebeshwa ng'ombe. Tusidanganyane, tulikuwa wengi mno. Ila mifereji ya mashamba ya mpunga kule juu nayo ilikuwa inakunywa, na mpunga hauswagwi kwa fimbo. Mwaka 2006 tukaondolewa, na 2008 Ihefu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Sisi tulipangiwa mkoa wa Lindi, huku Kilwa. Kwenye malori walikufa ng'ombe kumi na wanne. Waliofika wakakutana na mbung'o. Ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, ikamaliza nusu.

Wenyeji wa Kilwa, watu wa ufuta, korosho na muhogo, walitushangaa. Ng'ombe akiingia kwenye muhogo uliopandwa kwa jembe la mkono mwaka mzima, usitegemee mtu akuchekee, na vijana wetu wengine walilisha makusudi usiku. Hilo silitetei. Lakini leo jirani yangu Mmatumbi analimisha ufuta kwa plau yangu, ekari tatu pale alipokuwa analima moja, na mimi nimejifunza ufuta kwake. Msitu ndio umelipia: nilipofika nilisikia tembo usiku, sasa nasikia bodaboda.

Maswa nilienda mwaka juzi. Boma la babu ni shamba la alizeti, na bado baba wadogo wanagombea mpaka.

Huku nako mashamba yameanza kubanana. Mdogo wangu anaulizia Tunduru.